Kwa Nini Tope Jeusi la Mwakubila Halifukuliwi

Mmeziba pua, nimewaona. Wageni wote huziba. Lakini zamani, kabla nyanya yake bibi yangu hajazaliwa, bonde hili la Mwakubila halikunuka hata kidogo. Udongo wake ulikuwa mwekundu kutoka kilimani hadi visimani, na kijito kilipita juu yake kikienda zake, hakisimami popote.

Maji yale yalitoka mwambani yakiwa na sumu isiyo na rangi wala ladha, ile ambayo mabwana shamba wa siku hizi huiita aseniki. Haikumdhuru mtu, kwa sababu kutu iliyoufanya udongo uwe mwekundu iliikamata njiani na kuishikilia.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Milembe, mke wa mhunzi Lugembe, ndiye aliyesema kijito kizibwe, bonde lifanywe majaruba ya mpunga. Kikazibwa. Watoto wakashiba, na Milembe akasifiwa kila alikopita.

Mwaka wa tatu wa maji kusimama, viganja vya watu vikaanza kutoka madoa meusi, na nyayo zikawa ngumu kama magome. Udongo uliofunikwa ulikuwa umekosa pumzi. Kutu ikayeyuka, na kile ilichokishika ikakiachia. Hilo hakuna aliyelijua wakati ule. Walichojua ni kwamba Lugembe ameshindwa kushika nyundo, na kwamba kuziba kijito lilikuwa neno la mkewe. Wazee wakampa Milembe muda hadi mavuno: apate dawa, au arudi kwao.

Akazunguka nyumba kwa nyumba akitazama viganja. Mwisho akafika kwa Nyanzobe, mjane aliyechuja chumvi kwenye udongo wa huko chini kabisa. Viganja vyake vilikuwa safi kama vya mtoto.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Dawa niipate wapi, mwanangu? Nina uvundo tu."

Akampeleka kisimani kwake. Kwa miaka mingi, ili asizame akienda kuteka, Nyanzobe alikuwa akitupa upande wa juu wa kisima matete, makapi ya udongo wa chumvi, na mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuri, aliyoyaokota kwa Lugembe. Vyote vililala majini pamoja hadi tope likawa jeusi, likinuka yai viza. Uvundo ule ulishikana na chuma, na sumu iliyopita hapo ikanaswa, ikafungwa topeni. Maji yaliyochujika hadi kisimani yalikuwa salama.

Njiani Milembe akaona udongo wa matuta makavu ungali na kutu, ule wa chini ya maji umeipoteza, akakumbuka kwamba madoa yalianza maji yaliposimama. Akarudi kwa wazee. Akasema majaruba yakaushwe mara mbili kabla mpunga haujatoa masuke, udongo upumue, kutu irudi. Na upande wa juu wa kila kisima litengenezwe tope kama lile la Nyanzobe.

"Umetulisha madoa," mmoja akamjibu, "sasa utunyweshe uozo?"

Milembe akamchukua mumewe, wakahamia kwa mjane, wakanywa maji ya kisima kile msimu mzima. Kila asubuhi alikigeuza kiganja cha Lugembe juani, akikitazama kwa hofu. Wiki nyingi hakuona tofauti yoyote, na mara mbili alifunga mizigo yake, akaifungua tena. Lakini mpunga ulipoanza kuiva, watu wakasikia nyundo ikigonga. Madoa hayakuisha yote, ila ngozi ilikuwa imelainika, na Lugembe alikuwa kazini. Siku ya pili watu wakashuka na mizigo ya matete bila kuitwa, na yule mzee aliyekataa uozo alikuwa miongoni mwao.

Baadaye Masunga, jirani yao, alilifukua tope lake na kulikausha ili apande mboga. Mvua ya kwanza ikaifungua sumu, na ng'ombe wake watatu waliokunywa hapo wakafa. Ndipo kila mtu akaelewa: jaruba huachwa lipumue, tope jeusi haliachwi likauke.

Na tangu msimu ule hadi leo, bibi arusi akiletwa Mwakubila hupelekwa kwanza ukingoni, na mzigo wa matete na kipande cha chuma chenye kutu, avitupe topeni kwa mkono wake. Juzi ilikuwa zamu ya mke mpya wa kijana wetu Shigela. Aliteleza akazama hadi magotini, tukamvuta tukicheka, naye akacheka. Kisha akanawa, akateka maji kisimani, akanywa.