Nani Akae Kichwani kwa Raya

Hii haina sungura wala jini, na anayetaka kucheka akacheze karata na wenzake. Nyinyi mliobaki, kaeni. Nawapa kesi iliyonishinda mimi, na kwa kuwa hapa kila mtu ni kadhi akisikia ya jirani, leo tutaona.

Pemba, upande wa mashamba ya mikarafuu, aliishi mjane mmoja, Bi Mize. Alikuwa na wana watatu wa kiume waliokwisha ota ndevu, na binti mmoja kitinda mimba, Raya. Kila mwana alikuwa na kipaji chake, na vyote vitatu aliwalea navyo mama yao.

Shaame, wa kwanza, alikuwa na mikono. Matawi ya mkarafuu huvunjika upesi, na wengi wameanguka kwa pupa, lakini Shaame alifika kileleni na kushuka na pakacha limejaa. Mama yake alimwambia tangu yu mdogo kwamba mkono mtupu haulambwi.

Faki, wa pili, alikuwa na ulimi. Hakusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Ukimpa wali wenye mawe atakwambia una mawe, huku anatafuna. Watu walimkimbia kwenye harusi, wakamtafuta kwenye ushahidi. Mama yake alikuwa akijivuna naye: msema kweli, mpenzi wa Mungu.

Hamad, wa tatu, alikuwa na stara. Nyumba ikishinda na njaa, yeye alitoka nje anajifuta mdomo. Hukusikia kwake nani kakopa, nani kagombana, nani kalia. Bi Mize alimfunza kwamba aibu ya nyumba haivuki kizingiti, na Hamad alilishika hilo kuliko wote.

Sasa Raya. Huyu alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Baridi ikimpata, mifupa inamuuma mpaka anang'ata shuka. Kila mwezi sharti apelekwe kliniki mjini, na dawa isikatike. Nauli na dawa vilitoka kwenye ruzuku, ile fedha ya serikali kwa nyumba maskini zenye watoto.

Na ruzuku ina sheria yake. Fungueni masikio, maana kesi imelala hapa. Kila mwaka inahuishwa. Anakuja mhakiki, anauliza mwezi huo nyumba imeingiza nini. Pato likipita kiwango, ruzuku inasimama. Likishuka tena, mtu wa nyumba hiyo aende kwa sheha, mkubwa wa mtaa, aseme mbele ya kamati yake kwamba hali imerudi chini, na ruzuku inarudi. Asiposema, hakuna atakayemfuata kumuuliza. Miaka yote Bi Mize alikuwa chini ya kiwango, kwa hiyo hakuwahi kuwa na la kusema.

Ukaja msimu wa neema. Mnajua karafuu hazizai sawa kila mwaka. Zikiamua kuzaa, hata mvivu ananunua kanzu. Shaame alichuma alfajiri mpaka magharibi, vidole vikapasuka, akapata fedha ambayo nyumba ile haijapata kuiona. Hakunywa, hakuoa. Paa la makuti lilikuwa likimvujia Raya kitandani, na unyevu ule ndio uliokuwa ukimwamshia maumivu. Shaame akaezeka bati nyumba nzima. Raya alifurahi, mvua ya kwanza akalala mkavu chini ya bati, akamwambia kaka yake kwamba sasa anaweza kuisikiliza bila kuiogopa. Huo ndio mkono wa Shaame, na fedha yenyewe ikaishia juu ya paa.

Mhakiki akaja katika msimu uleule, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi uwanjani, bati linang'aa. Alikuwa msichana mpole, Salme jina lake. Bi Mize akamwachia Faki azungumze, kwani ndiye aliyekuwa akisemea nyumba. Salme akauliza mwezi huu mmeingiza kiasi gani. Faki akamwambia, hakupunguza hata pishi moja. Hakuulizwa mwezi ujao, naye hakuugusa. Angeweza kusema, dada, hii ni ya msimu tu, mwakani matawi yatakuwa matupu. Lakini Faki hujibu alichoulizwa, hana nyongeza. Salme akasema pato limepita kiwango, ruzuku itasimama. Alipokuwa anaondoka akageuka mlangoni, akawaambia, "Karafuu zikiisha msikae kimya. Nendeni mkaseme." Huo ndio ulimi wa Faki.

Karafuu zikaisha. Shaame akarudi kulima muhogo wa kula. Bi Mize, ambaye miguu ilikuwa imemvimba, akamtuma Hamad kwa sheha.

Kamati hukaa barazani, mtu anasema shida yake na barabara nzima inasikia. Hamad akafika. Miongoni mwa wajumbe ameketi Mzee Kheri, ambaye Hamad alikuwa amemposa binti yake. Mzee akamtazama, akatania kama wanavyotania wazee wa huko: ehe, leo nyumba ya bati imetuletea nini? Watu wakacheka. Hamad akaona ulimwengu mzima utasema wana wa Bi Mize wamekula karafuu zote na sasa wanapiga magoti. Akasema amepita kuwaamkia tu. Akageuza.

Mficha uchi hazai, wanangu. Lakini ngojeni, msimtukane bado. Hamad aliuza baiskeli yake. Halafu mbuzi wake. Halafu akaenda bandarini kubeba magunia, na mwisho wa kila mwezi akampa mama yake fedha ya kliniki. Bi Mize akadhani ruzuku imerudi, akawa anaiombea dua serikali. Hamad alimsikia akiiombea, akamwacha adhani hivyo. Hiyo ndiyo stara ya Hamad.

Masika yakaingia. Bandarini kazi ikakatika, meli haziji. Mwezi ule Hamad hakuwa na kitu, akamwambia mama yake ruzuku imechelewa kidogo. Dawa ya Raya ikaisha. Hamad akasema atapata, atapata. Mvua ikapiga, baridi ikamwingia mtoto, maumivu yakampanda kifuani. Shaame akambeba mgongoni mpaka barabara kuu, Faki anashika mwavuli. Gari halikuja upesi. Alipokuja mwenye gari, Shaame alikuwa bado amesimama na dada yake mgongoni, hataki kumteremsha, na Raya alikwisha kufa.

Mimi hapa huwa sipendi kupita haraka. Mtoto yule alikuwa anajua kuhesabu mawingu na kuiga sauti ya kila jirani. Alikuwa na haki ya kuwa bibi mzee kama mimi.

Kesho yake asubuhi sheha akaja kwenye msiba. Akasema kwa huzuni ya kweli, Bi Mize, si ungetuma mtu aseme tu, tungeirudisha wiki ileile. Bi Mize akamgeukia Hamad, na Hamad akainamisha kichwa. Yote yakatoka hapo.

Raya amekwisha oshwa, amekwisha vikwa sanda. Kaburi limechimbwa. Maalim akauliza kama ilivyo ada, nani katika nduguze atashuka kaburini akae upande wa kichwa, amfungue vifundo vya sanda, amlaze shavu juu ya udongo. Majirani watasaidia kiunoni na miguuni. Kichwani sharti awe wa damu yake.

Bi Mize akasema kutoka nyuma ya pazia la wanawake, na uwanja mzima ukasikia:

"Kichwani kwa mwanangu asikae aliyemfungia njia."

Watatu wakatazamana. Shaame akasema yeye alifanya kazi, na kama asingefanya kazi ruzuku isingesimama, lakini Raya angelala kwenye maji. Faki akasema aliulizwa akajibu, na kama angedanganya, leo mngemwita mwizi wa haki ya maskini wengine. Hamad akalazimishwa. Akasema, "Nilimlipia mpaka nikaisha. Nilimwonea haya mamangu." Kisha wote wakatazama pazia, maana mikono ile, na ulimi ule, na haya ile, ilifunzwa nyuma ya pazia lile. Bi Mize naye analijua hilo. Ndiyo maana hamtaji mtu.

Msinijibu upesi, na wewe unayetikisa kichwa huko, mtoe Shaame kwanza utuambie ungemzuia vipi asiezeke. Mtoe Faki, utuambie ungemfunza uongo gani. Mtoe Hamad, kisha uende wewe kesho barazani mbele ya baba mkwe wako useme una njaa.

Jeneza lingali ukumbini. Jua linapanda, na maiti haingoji. Maalim ameuliza mara ya pili. Haya, wewe ungemtaja nani?