Kizimba cha Kuni cha Subilaga

Mcheka kizimba huja kuomba moto. Mmecheka mliposikia, wala siwalaumu. Hata aliyeitunga alianza kwa kucheka. Methali hii ilianza hivi.

Huko Rungwe, ambako mvua hungoja uanike nguo ndipo inyeshe, palikuwa na mjane aitwaye Subilaga, ambaye majirani walimwita Mama Lusajo. Siku moja kiwanda cha sabuni cha bondeni kilitupa matangi yake chakavu, yale makubwa ya plastiki yanayokaa ndani ya vizimba vya chuma. Kijiji kizima kikatoka mbio. Watu wakachomoa matangi, vizimba wakaviacha, kama mtu alaye ndizi akatupa ganda.

Subilaga akaokota maganda, matatu. Akayapanga kando ya njia, akayajaza kuni alizopasua mwenyewe, akaweka bati juu, ubavuni akaacha wazi upepo upite.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ambakisye, alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Mama Lusajo, kuni zako umezifunga kwa kosa gani? Hata dhamana umezinyima?"

"Tunamngoja shahidi, Mwenyekiti. Anaitwa Masika. Yuko njiani."

Ambakisye naye alikuwa na maarifa yake. Alikata tangi lake juu, akalishindilia kuni, akalifunika kabisa. "Hata tone haliingii!" alijisifu. Kweli, hata upepo haukuingia. Kisha akatoa amri: takataka za Subilaga ziondoke njiani kabla ya Jumamosi, la sivyo angeziuza kwa wanunuzi wa vyuma.

Kwa Subilaga huo haukuwa mzaha. Mgongo wake haukuwa tena wa kubeba mizigo ya kuni mvuani. Bila vizimba vile, masika yote angekuwa mtu wa kupiga hodi majikoni mwa wenzake, naye tangu azaliwe hakuwahi kuomba hata chumvi.

Jumamosi ikafika, mvua ikiwa na siku ya tano. Siku hiyohiyo wakwe wa Ambakisye walikuja na ng'ombe wa mahari ya binti yake. Tangi likafunguliwa. Lo! Kuni zilikuwa zimetoka jasho, zikaota uyoga mnono kuliko wa sokoni. Jikoni ukafuka moshi mtupu. Wageni wakakaa sebuleni wakifuta machozi, hata mpita njia mmoja akaingia kuwapa pole ya msiba.

Subilaga alipomwona Ambakisye anakuja, suti imeloa chapachapa, alijua amefuata vyuma. Akasimama mbele ya vizimba, shoka mkononi.

"Mama Lusajo," Ambakisye akasema, macho chini, "naomba moto."

Subilaga akashusha pumzi. Akaingia jikoni, akamletea kaa moja jekundu juu ya kigae.

"Huo hapo, Mwenyekiti."

Tone likaliangukia kaa. Chss! Likazimika.

"Si moto wa namna hiyo, mama."

"Kwani kuna wa namna ngapi?"

"Kuni! Kuni kavu! Wakwe wanalia!"

"Kuni zipo. Ila hazitoki mojamoja. Utazivuta na kizimba chake. Na ukikirudisha, kitakaa palepale njiani."

"Kitakaa, mama. Kitakaa."

Subilaga akakata mgomba uliokwisha kuzaa, akatandika vipande vyake chini ya kizimba, nacho kikateleza kwenye tope kama kimepakwa mafuta. Ambakisye akawaita wakwe zake, wakakifunga kamba, wakavuta. Subilaga akafuata nyuma, jani la mgomba kichwani, shingo juu kama bibi harusi.

"Kushoto, Mwenyekiti! Usinigongee mali yangu!"

Walipopita dukani, vijana wakaangua kicheko. "Mwenyekiti, leo umekuwa punda?"

Ambakisye hakusimama. Alikaza kamba begani, akasema kwa sauti ambayo Subilaga aliisikia vizuri sana:

"Chekeni tu. Nami nilicheka. Mcheka kizimba huja kuomba moto."