Nani Atapanda Nyuma ya Muthengi?

Wengine watakutumia hadithi za wafalme na majumba ya dhahabu. Yangu ina baiskeli, injini ya pampu ya maji na mama mkwe mwenye mdomo. Isome hadi mwisho, halafu mtumie yule rafiki yako ambaye kila unachofanya yeye husema ni kizuri.

Ni miaka ambayo bodaboda zilikuwa hazijafika milimani kwetu Ukambani. Kulikuwa na mtu aitwaye Muthengi, mume wa Ndunge na baba wa mtoto mmoja, Kasiva. Kazi yake ilikuwa kubeba sanduku la chanjo. Kila Alhamisi alishuka kwa baiskeli hadi kituo cha afya bondeni, akapewa sanduku lenye chanjo za watoto na mapande ya barafu, akapanda nalo kilomita kumi na moja hadi zahanati ya kijiji. Akichelewa, barafu inayeyuka na chanjo inatupwa.

Kwa miaka sita hakuchelewa hata mara moja. Watu walimheshimu kwa hilo, na yeye mwenyewe alilionea fahari. Kisha siku moja akaanguka kutoka juu ya mparachichi, nyonga ikaumia. Tangu hapo mlima ukamshinda. Katika mwezi mmoja barafu iliyeyuka mara mbili, na akina mama waliotembea kutoka mbali na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani.

Naibu wa chifu, Bwana Nzuki, akamwita ofisini.

"Muthengi, sina ugomvi na wewe. Lakini watoto hawawezi kungoja nyonga yako ipone. Mwezi huu ukiisha, sanduku nampa Kimeu."

Kimeu alikuwa kijana mwenye miguu ya nguvu. Alikuwa pia mtoto wa kaka yake Syokau, na Syokau ndiye mama mkwe wa Muthengi. Hilo watu walilikumbuka sana baadaye.

Muthengi alirudi nyumbani amenuna, akakaa kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na injini ndogo ya pampu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Akaitazama ile injini. Akaitazama baiskeli.

"Ndunge," akamwita mkewe, "niletee spana."

Hakuwa fundi. Hakuwahi kufungua injini yoyote maishani, na siku ya kwanza nati tatu zilimpotea kwenye nyasi. Lakini alikuwa mtu wa kung'ang'ana. Aliifunga injini katikati ya fremu kwa vyuma alivyokunja mwenyewe. Akaomba mkanda uliochakaa kwa mwenye kinu cha posho, akauzungusha kutoka kwenye injini hadi kwenye gurudumu la nyuma. Akaweka mkono wa chuma wa kuukaza. Mkanda ukikazwa, baiskeli inakwenda. Ukilegezwa, injini inaunguruma bure.

Wiki ya pili ikawaka. Kijiji kizima kilisikia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mbithi mwenye duka, nyuma yake Katiku, rafiki yake Muthengi tangu utotoni.

"Injinia!" Mbithi akapaza sauti. "Wewe ungekuwa ng'ambo ungepewa kiwanda!"

"Siku ya kwanza ya kubeba mtu, ni mimi," Katiku akasema. "Mtu asinitangulie kwenye hicho kiti."

Muthengi alicheka kwa furaha. Zilikuwa zimepita wiki nyingi bila yeye kucheka.

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu. Mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hujitenga kando. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Syokau alipita kando ya ua wa Muthengi kila asubuhi akienda shambani, na kwa kuwa hakuweza kusema na mkwewe, alisema na mbuzi aliyefungwa pale uani.

Asubuhi hiyo alisimama, akaitazama mashine kwa muda mrefu.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti ya kusikika, "hili dude likishakwenda, linasimamishwa na nini?"

Akaenda zake. Mbithi na Katiku wakacheka hadi wakashika mbavu. Muthengi hakucheka, kwa sababu swali lilimchoma. Huko kwetu breki za baiskeli zikikatika, hakuna aliyezirudisha. Mtu akitaka kusimama, huteremsha mguu na kukandamiza akala, kile kiatu cha tairi, kwenye gurudumu. Ndivyo baba zetu walivyosimama na ndivyo Muthengi alivyokusudia kusimama.

Mchana akaijaribu peke yake kwenye njia ya tambarare. Alipofika karibu na ua wa mkonge akalegeza mkanda, akateremsha mguu. Akala likatoa moshi. Baiskeli haikujali. Akaupita ua, akapita katikati ya maharagwe ya watu, akasimamishwa na kichuguu. Hakumwambia mtu. Lakini jioni hiyo alianza kutafuta breki za waya, akafunga moja mbele, na aliifunga kwa hasira.

Kesho yake Syokau akasimama tena pale uani.

"Mbuzi, naona breki moja. Ikikatika, wanamwita nani?"

Muthengi akaweka ya pili, nyuma.

Siku iliyofuata: "Mbuzi, mafuta yanadondokea bomba la moshi. Au wanataka kuchoma nyumba?"

Akalihamisha tangi.

Siku nyingine: "Mbuzi, mwanamke akikaa huko nyuma, leso yake si italiwa na huo mkanda?"

Hapo Muthengi akatupa spana chini, akamgeukia mkewe.

"Ndunge! Mama yako ana nini na mimi?"

"Anauliza tu."

"Haulizi! Ananitafutia makosa. Kila mtu anaisifu hii kazi, yeye peke yake haoni zuri hata moja!"

Katiku, aliyekuwa amekaa kivulini akitafuna muwa, akashusha sauti. "Ndugu yangu, sitaki kuwagombanisha. Lakini fikiri. Ukishindwa, sanduku linakwenda kwa nani? Kwa Kimeu. Na Kimeu ni mtoto wa nani? Wa kaka yake."

Maneno hayo yalimwingia Muthengi moyoni. Kuanzia siku hiyo alimchukia yule mama kwelikweli. Bado, kwa kutotaka kumpa la kusema, alichukua debe la mafuta ya kupikia, akalipasua, akaufunika mkanda wote kwa bati. Alijikata kidole kwa kufanya hivyo, na jeraha hilo pia akamhesabia Syokau.

Mwisho wa mwezi ukafika. Bwana Nzuki alikuja zahanati asubuhi ya siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Akaizunguka baiskeli mara mbili na mikono mgongoni.

"Inaunguruma vizuri," akasema. "Lakini chanjo za watoto sitaziweka kwenye chombo ambacho hakijabeba binadamu. Mtu mmoja apande nyuma. Mshuke mteremko wote hadi darajani na mrudi hapa. Mkirudi wazima, sanduku ni lako. Asipopatikana wa kupanda, Kimeu ataanza kazi Alhamisi."

Muthengi akatabasamu. Wa kupanda angekosekanaje? Akamgeukia Katiku.

"Haya, rafiki yangu. Kiti chako hicho."

Katiku akajikuna shingo. Akautazama mteremko. Una kona nne, na upande mmoja wa kila kona ni korongo.

"Leo?" akauliza. "Leo mgongo umenishika. Tangu jana."

"Mbithi?"

"Mimi nimeacha duka wazi, ndugu yangu. Si unajua watu walivyo?"

Muthengi akazungusha macho. Wote waliomwita injinia walikuwepo, na wote walipata kitu cha kutazama chini. Mmoja alikohoa. Mwingine akasogea nyuma ya mkewe. Bwana Nzuki akainua mkono akatazama saa.

"Nahesabu dakika tano," akasema.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ndunge, akiwa na Kasiva mgongoni, alianza kufungua mbeleko ili amkabidhi mtu mtoto apande yeye, lakini Nzuki akakataa. "Si mke wako, Muthengi. Mke atapanda hata punda mgonjwa kwa ajili yako." Dakika ya tatu ikapita. Muthengi aliona aibu kubwa kuliko siku chanjo zilipotupwa. Kimeu alisimama pembeni, mikono mifukoni, na hata yeye alionekana kumhurumia.

Dakika ya nne watu wakafungua njia.

Alikuwa Syokau, na jembe lake begani. Akaliegemeza kwenye ukuta wa zahanati. Akaja moja kwa moja hadi kwenye baiskeli, akainama, akavuta breki ya mbele, akavuta ya nyuma. Akaligonga bati la mkanda kwa kidole. Akanusa chini ya tangi. Kisha akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akamtupia Ndunge.

"Mfunge mume wako kiunoni. Nitashika leso, sitamshika yeye."

Umati ukaguna. Mzee mmoja akasema, "Mwaitu, mama yetu, unajua unachofanya? Huyo ni mkweo!"

"Najua," akasema Syokau. "Na nyinyi si wakwe zake, mbona hamjapanda?"

Akakaa kwenye keria upande, kama wanawake wanavyokaa, akazishika ncha mbili za leso. Muthengi hakuweza kugeuza shingo. Akawasha injini. Mtu aliyemwona adui wake sasa alikuwa nyuma yake, na mbele yake kulikuwa na korongo.

Wakashuka.

Kona ya kwanza wakaipita polepole. Ya pili mawe yalianza kuruka chini ya magurudumu, na Muthengi akazikaza breki zote mbili. Katikati ya kona ya tatu alisikia mlio mdogo wa waya, na mkono wa breki ya mbele ukalegea kabisa kiganjani. Baiskeli ikachupa mbele. Aliona ukingo wa korongo unakuja, na akili yake yote ikaganda. Mguu wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukaanza kushuka kutafuta gurudumu.

"Ya nyuma, Baba Kasiva!" sauti ikasema sikioni mwake. "Acha mguu! Una ya nyuma!"

Akaikamata breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu likaburutika, vumbi likafunika kila kitu, na baiskeli ikasimama ikiwa imebakiza hatua mbili kufika ukingoni.

Muthengi alitokwa na machozi, na hakujali.

"Twende," Syokau akasema. "Mtihani ni hadi darajani."

Wakaenda hadi darajani kwa breki moja, polepole. Kupanda, injini ilivuta bila kulalamika, na pale ilipochoka Muthengi alipiga pedali kwa mguu mzima. Walipotokea juu ya mlima, vigelegele vilisikika hadi soko la pili. Bwana Nzuki mwenyewe alimkabidhi Muthengi sanduku. Katiku alikuwa wa kwanza kumkumbatia.

"Nilijua tu!" akasema. "Injinia!"

Muthengi akajitoa mikononi mwake. Akaenda hadi alipokuwa Syokau, akasimama mbali kidogo, macho chini, kama desturi inavyotaka. Kwa mara ya kwanza akamsemesha yeye mwenyewe.

"Mwaitu, nilidhani unataka nishindwe."

"Nilijua unadhani hivyo."

"Na ulipanda. Wakati hao wote walikataa."

"Hao hawajui hiyo baiskeli ina nini. Waliitazama kwa mdomo. Mimi nimeikagua kila asubuhi, kila kasoro nikaitaja, na kila niliyoitaja ukaitengeneza huku unanitukana kimoyomoyo. Ndiyo maana nilipanda."

"Ungeniambia tu kwamba unanitakia mema."

"Ungeridhika ukaacha kuitengeneza. Wa kukuridhisha walikuwa wengi pale uani." Akalichukua jembe lake, akaliweka begani. "Una mtoto wa binti yangu, Baba Kasiva. Kama ningetaka ufe, ningekusifu pamoja nao."

Halafu akanyoosha kidole kwenye waya uliokatika.

"Huo waya ulikuwa mwembamba. Sikuuona. Weka mnene kabla ya Alhamisi."

Watu walikuwa wamekwisha kuanza kuimba na walitaka kumbeba Muthengi juujuu. Akawaambia wangoje. Akachuchumaa palepale kwenye vumbi, akaomba spana, akaanza kuufungua ule waya.

Funzo: Anayeisifu kazi yako bila kuikagua hayuko tayari kuipanda. Kabla hujamwita adui yule anayekutajia kasoro zako, zitengeneze kwanza, kisha utazame ni nani atakayekaa nyuma yako siku ya mteremko.