Kakakuona na Shamba la Kuazima

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto unatutosha sote.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima. Mkuu wa chuo alikuwa Nyati. Miongoni mwa walimu alikuwamo Kakakuona, aliyefundisha habari za mbegu. Chini ya kilima palikuwa na kijiji, na huko aliishi mkulima hodari, Bi Kabula.

Siku moja Nyati alimtuma Kakakuona kijijini kuomba shamba la bondeni, ili wanafunzi wajaribu mbegu.

"Mtalirudisha?" Bi Kabula akauliza.

"Tukishavuna tu. Neno nalitoa mimi."

Wanakijiji wakalitoa shamba, kwa kuwa walimjua. Mbegu zikaota, zikazaa, zikavunwa. Baada ya hapo Nyati akalizungushia shamba ua wa nguzo.

Kakakuona akapanda kilimani. "Mkuu, shamba la watu."

"Subiri."

Akarudi tena. "Mkuu, shamba la watu."

"Subiri."

Akarudi tena. "Mkuu, shamba la watu, na mvua inakaribia."

"Mwalimu, wewe fundisha. Mambo ya ardhi niachie mimi."

Aliposhuka akakutana na Bi Kabula njiani. Kwa aibu akajikunja, akawa tufe la magamba.

"Jikunje tu, mwalimu," Bi Kabula akasema. "Sisi tutalima wapi?" Akapita zake.

Kakakuona alikaa vile mpaka jua likawa kali. Kisha akajikunjua, akaenda bondeni, akaanza kufukua nguzo kwa makucha. Ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Korongo, mwalimu mwenzake, akatokea.

"Wee! Utafukuzwa kazi!"

"Huenda. Lakini neno nililitoa mimi."

Korongo akafikiri. Yeye naye aliwahi kuwaombea wanafunzi vyumba pale kijijini, akaahidi mengi. Akaishika nguzo kwa mdomo, akavuta. Walimu wengine wakaja, wakavuta.

Nyati akafika mbio, vumbi likitimka. "Nani kawaruhusu?"

 Akawatazama walimu wake. Akawatazama wanakijiji, waliosimama kando ya shamba, majembe mabegani. Akashusha sauti.

"Mimi nilikuwa nitalirudisha."

"Lini?" Bi Kabula akauliza.

 Nyati akainamisha kichwa, akaing'oa kwa pembe nguzo iliyobaki.

Mvua ikanyesha, watu wakalima. Msimu uliofuata Nyati alishuka mwenyewe kuja kuomba shamba. Bi Kabula akampa uji, wakazungumza habari za mvua na za panya wa ghalani. Uji ulipokwisha, wakaenda bondeni. Bi Kabula akamwonyesha kipande cha ardhi, upana wa mkeka.

"Anzeni na hiki."

 Nyati akashukuru, akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu.

Yangu yamekomea hapo. Mwenye yake na ayatoe.