Kwa Nini Jiwe la Tabaka Hupitia Mikononi mwa Wanawake

Enzi hizo jiwe letu laini la hapa Tabaka lilikuwa la wanaume peke yao. Walilichimba, wakalichonga likiwa kavu, wakalipangusa vumbi kwa kiganja, basi. Mwanamke kuligusa ilikuwa mwiko, na msiniulize nani aliuweka. Sidhani alikuwa akijifulia nguo zake.

Wakati huo wazee walitaka mashimo ya jiwe yafukiwe. Ng'ombe wawili walikuwa wametumbukia humo wakafa, na jiwe lenyewe, machoni pao, halikuwa na faida ila unga wa kujipaka weupe siku za ngoma. Mchongaji mmoja, Orenge, aliumia sana, maana hakujua kazi nyingine. Aliomba miezi mitatu awachongee bakuli la kunywea uji wa moto barazani. Likifaa, mashimo yabaki.

Alichonga bakuli zuri, jeupe lenye wekundu kwa mbali, jembamba ukingoni. Asubuhi ya baraza alikwenda mtoni kuoga. Mkewe, Bosibori, aliona vumbi limebaki ndani ya bakuli. Alikuwa binti wa wafinyanzi, na mfinyanzi havumilii chombo kichafu. Akaliosha, akalianika juani.

Orenge aliporudi alifoka. Mkewe hakubishana, alimwonyesha tu. Bakuli lote lilikuwa limekauka isipokuwa mstari mmoja, mwembamba kama unywele, uliokuwa bado na maji.

"Baba Kemunto, huu ni ufa," alisema. "Wakilitazama hawatauona. Uji ukimiminwa, litapasuka mikononi mwa mzee."

 Orenge angeweza kulipeleka hivyo hivyo. Lakini alichukua shoka, akalivunja bakuli, akabeba vipande na kufuatana na mkewe hadi barazani. Huko alieleza yote, hata mwiko uliovunjwa na aliyeuvunja.

Mzee Ombati, mwenye wale ng'ombe waliokufa, alipitisha kidole penye ufa.

"Mtu aliyevunja kazi yake asije akatuunguza, mwachieni mashimo," alisema. "Na huyu mama akae karibu na maji, aoshe kila kazi kabla haijatoka."

Na tangu siku hiyo, hapa Tabaka jiwe huchongwa likiwa limelowa, na kila kazi hupitia kwenye beseni la kinamama. Wakiikataa, haitoki. Mimi nimechonga miaka arobaini, kazi zangu zimefika ng'ambo, na juzi mke wangu alinirudishia twiga watatu wa jiwe wenye nyufa. Nimewavunja mwenyewe, na ninalisema hilo kifua mbele.