Firigisi ya Siku Mihambo Alipoketi

Hapo zamani, wala si zamani sana, muuguzi Restituta ndiye aliyemwambia Kalunde kwanza: "Mwanao hana pepo, mama. Ana usonji." Kalunde akarudi nyumbani na neno hilo, akaona haya kulisema.

Kila sinia la ugali lilipotua mkekani, Kalunde alimtazama mwanawe. Mikono ilinyooshwa, soga zikapamba moto, na Mihambo, mtoto wa miaka minne, aliziba masikio akakimbia. Mbavu zilianza kuonekana.

Mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, akasema, "Mumeo Maganga akirudi kutoka machimboni, mtoto bado hajakaa akala, nampeleka kwa mganga."

Kalunde alimjua mganga yule. Aliwafungia watoto kibandani, akawafukiza moshi hadi sauti zikakauka. Hofu ikamfungua mdomo. Akawaeleza neno la muuguzi wifi yake, Tatu, na jirani yao, Mzee Pazi, Mzaramo aliyekuwa mtani wa nyumba ile.

Tatu akachunguza. Mtoto haogopi ugali, anaogopa mikono mingi. Akamwekea chakula chake juu ya kifuniko cha sufuria alichozoea kukichezea. Mihambo akala, lakini amesimama mlangoni, tayari kukimbia.

Mzee Pazi akaja na sahani yake. Akaketi akimpa mtoto mgongo, akala kimya. Kesho yake vivyo hivyo, akasogea kidogo. Mtoto naye akasogea. Hatimaye wakaegemeana migongo, Mihambo ameketi, kifuniko mapajani.

Maganga akarudi, akaona, akachinja jogoo. Akaitenga firigisi. "Kwa desturi hii ni yangu. Leo ni ya aliyemketisha mwanangu."

"Yangu, kaka," akasema Tatu. "Bila kifuniko asingeonja kitu."

"Alikula kama kuku wa mlangoni," akasema Mzee Pazi. "Mgongo wangu ndio uliomketisha, na bado unaniuma."

"Mzaramo akiona nyama haumwi," akasema Bibi Nyamizi. "Mlikuwa mnamtazama tu akikonda. Mimi ndiye niliyewatia hofu mkaamka."

"Ungempeleka kweli, mama?" akauliza Tatu.

"Ningempeleka. Ningekaa nimwangalie akifa?"

Sauti zikapanda. Mihambo akaziba masikio, akakimbilia mvunguni mwa kitanda, asile tena siku ile. Firigisi ikabaki bakulini. Bibi akatoa khanga, akaanza kufunga nguo za mtoto. "Kesho tunaondoka kwenda kwa mganga."

Asubuhi Kalunde alitandika mkeka kando ya kitanda. Akaweka kifuniko, juu yake ugali upande huu, firigisi upande ule, visigusane. Akaketi akiupa mvungu mgongo. Bibi akatokea mlangoni na kifurushi, akasimama.

Kifuniko kikakwaruza sakafu. Kisha uzito mdogo ukaegemea mgongo wa Kalunde, na meno yakaanza kutafuna.

Kalunde hakugeuka.

Basi nyinyi mnaosikiliza, semeni kabla hajageuka: firigisi ile ilikuwa haki ya nani? Ya Tatu, ya Mzee Pazi, ya Bibi, au ya huyu anayeitafuna?