Wa Tatu Yuko Sikioni

Masikio mnayo?
— Tunayo!
Mangapi?
— Mawili mawili!
Basi moja litegeni, la pili liwekeni akiba, niwape ngano.

Hapo kale palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa palikuwa na Kiboko. Ukaja ukame. Maji yakapungua, Kiboko hakupungua. Alijilaza katikati akasema bwawa ni lake na matete ni yake. Asubuhi akala matete, nya-nya-nya. Mchana akala matete, nya-nya-nya. Jioni akalalamika kwamba matete yamekuwa haba.

Katika matete hayo waliishi Bi Mashavu na mumewe Kibwana, vyura wadogo, kila mmoja sawa na ukucha wa kidole gumba. Mayai yao waliyabandika kwenye jani, juu kidogo ya maji. Ya kwanza yakaliwa pamoja na jani. Ya pili yakaliwa pamoja na jani. Ya tatu yalikuwa kwenye kichaka cha mwisho, na Kiboko alikuwa amekwisha kukitazama.

Bi Mashavu alikwenda kumsihi. Kiboko akamjibu kwamba hajawahi kuhisi yai mdomoni, kwa hiyo mayai hayakuwepo. Kisha akalala, sikio lake moja likiegemea kile kichaka.

Bi Mashavu akarudi juu ya tete, akalia. Alipomaliza kulia akaimba, maana chura hana kazi nyingine. Akaimba, piiii! Kibwana akamwitikia, piiii! Sauti yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya mkewe. Na kama siku zote walipoimba karibu karibu, Bi Mashavu akasikia na sauti ya tatu, nzito, nguuuu. Miaka yote alidhani ni tumbo la mumewe, na kwa adabu hakuuliza.

Lakini siku hiyo aliliona sikio la Kiboko likicheza, tap! Akamwashiria mumewe anyamaze. Sikio likatulia. Wakaimba tena wote wawili. Tap!

Akamuuliza mumewe kama na yeye huisikia ile sauti nzito. Kibwana akainamisha kichwa, akakiri kwamba huisikia tangu siku ya harusi, ila alidhani ni tumbo la mkewe.

"Basi si tumbo la mtu," akasema Bi Mashavu. "Imo masikioni mwetu. Na mwa Kiboko pia imo."

Wakasogea mpaka ukingoni mwa lile sikio, wakajaza mashavu, wakaimba kwa nguvu zote. Piiii! Piiii! Kiboko akaamka.

"Nani huyo?"

"Ni sisi wawili, bwana mkubwa."

"Ninyi nawasikia. Namuuliza wa tatu."

"Wa tatu hayuko huku nje," akasema Bi Mashavu. "Yuko sikioni mwako."

Kiboko hakuamini. Akaamuru waimbe mmoja mmoja. Akaimba Bi Mashavu, piiii, na wa tatu hakuwepo. Akaimba Kibwana, piiii, na wa tatu hakuwepo. Wakaimba pamoja, nguuuu. Kiboko akamuuliza yangeyange aliyesimama mgongoni kwake anasikia wangapi. Yangeyange, aliyekuwa mbali na ule mdomo wa sikio, akasema anasikia vyura wawili tu.

Kiboko akatikisa kichwa, waka-waka-waka, na vyura wakazidi kuimba. Akazama, gubu! Akaibuka. Nguuuu. Akamwambia wa tatu kwa sauti ya ukali kwamba sikio lina mwenyewe. Nguuuu, likajibu sikio.

"Anakula nini huyu?" akauliza Kiboko.

"Sijui, bwana mkubwa. Sijawahi kumwona."

"Na nikienda mbali na hapa?"

"Ukienda mbali, hutamsikia."

Kiboko akafikiri. Hakuwa amewahi kugawana kitu na mtu, na sasa ameingiliwa sikioni. Akaona bora aache bwawa. Akapanda ukingo, akashika njia ya mto mkubwa, gudu, gudu, gudu, mwendo wa nusu siku. Huko akatega sikio. Kimya. Akafurahi sana kwamba amemwacha mpangaji wake bwawani, akaapa kutorudi.

Siku ya tano mayai yakaanguliwa. Viluwiluwi wakadondoka majini, tyo, tyo, tyo. Bi Mashavu akawahesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Ngano yangu imekauka hapo. Aliyeiona tamu ale, aliyeiona chungu amwachie jirani.

Na funzo lake ni hili: sikio lako liamini daima. Ni lako mwenyewe, umezaliwa nalo, haliwezi kukudanganya.